Heri Kapu Lijae

Ushindi umeshasifiwa vya kutosha, na makocha wameisifu sare ya ugenini mpaka sare yenyewe ikaota kiburi. Kipigo kikubwa hakijapata mtetezi. Namaanisha kile cha haja, sita bila, saba bila, ishirini bila, ambapo mtangazaji wa redio akifika goli la tano anaacha kupiga kelele na kuanza kusalimia jamaa zake wa Kayanza. Leo nakitetea mimi. Watu wa Gitega na Muyinga waniwie radhi, maana ushahidi mwingi nimeuokota kwao.

Agosti 2024 Vital'O ya Bujumbura, klabu yenye mataji mengi ya ligi kuliko yoyote Burundi, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992, ilipangwa na Yanga katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa. Nyumbani hapakuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF, basi mechi ya nyumbani ya Vital'O ikachezwa Chamazi, Dar es Salaam. Mwenyeji alisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kumkaribisha mgeni nyumbani kwa mgeni. Alimkaribisha vizuri: Yanga nne, Vital'O bila. Wiki iliyofuata Vital'O wakawa wageni rasmi, mji uleule, wakala sita. Kumi bila kwa jumla.

Huku Muyinga, ambako mpaka wa Kobero uko karibu na Yanga ina wapenzi wake wa kufa na kuzikana, banda la mpira lilijaa hadi mlangoni siku ya zile sita. Alikuwamo mzee mmoja, fundi cherehani, shabiki wa Vital'O tangu ujana wake, amevaa kofia ya zambarau. Goli la kwanza alimlaumu beki. La pili alimlaumu kocha. La tatu alilaumu shirikisho zima, kuanzia rais hadi mlinzi wa geti. La nne lilipoingia aliivua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa tena, akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili, kisha akamgeukia jirani yake wakaanza kuzungumzia bei ya uzi. Magoli yaliyobaki aliyapokea kama mtu anayesikia mvua ikinyesha kwenye bati la jirani. Vijana wa Yanga walimwonyesha vidole, wakaongeza mkono wa pili vidole vilipokwisha, na mzee akawauliza kama kuna anayetaka kushonewa suruali ya Idi.

Utulivu huo hauletwi na ushindi, kwa sababu aliyeshinda anaanza palepale kuogopa mechi ijayo. Sare haiujui kabisa. Na aliyefungwa goli moja ndiye mgonjwa kuliko wote. Mwaka 2019 Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa ya Burundi, walicheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, kule Misri. Nigeria iliwafunga moja, ya Ighalo, dakika ya 77. Madagaska iliwafunga moja, ya mpira wa adhabu. Guinea iliwafunga mbili. Hesabu hiyo inasikika ya heshima, na wachambuzi walisema tumefungwa kwa heshima. Nenda leo kwa kinyozi mmoja pale Gitega ukaone heshima hiyo inavyofanya kazi: atasimamisha mashine kichwani pako, achukue kitana, chupa ya spiriti na boksi la nyembe, akupangie mezani alipokuwa Ighalo, alipokuwa beki, na sentimita ngapi zilitutenganisha na sare. Miaka imepita. Wateja wametoka pale na nusu ya kichwa. Kama Nigeria ingetupiga saba, kinyozi yule angenyoa watu kwa amani, na mimi nisingelazimika kuvaa kofia harusini.

Watanzania wanaweza kunithibitishia. Novemba 2015 Taifa Stars waliongoza mbili bila dhidi ya Algeria pale Dar es Salaam, kisha Slimani akarudisha zote mbili. Siku tatu baadaye kule Blida wakapigwa saba bila. Waulize wenyewe kipi kinawauma. Saba ile haina mjadala, watu waliilala na asubuhi wakaenda kazini. Ile mbili kwa mbili ndiyo iliyobaki vijiweni, kila mtu na mchezaji wake ambaye angeingizwa dakika ya sabini. Na yule anayekutuliza kwa kusema asiyekubali kushindwa si mshindani, mtazame vizuri: anamwambia aliyefungwa moja. Aliyefungwa saba hahitaji kubembelezwa akubali.

Gitega, zaidi ya mji mwingine wowote, ulipaswa kulijua hili bila kuambiwa. Nje kidogo ya mji, pale Gishora, zimehifadhiwa ngoma za kifalme, na sanaa yake iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Ngoma ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Nani anayeheshimiwa pale? Apigwaye. Apigaye anatoka na malengelenge na kiu. Apigwaye anatunzwa na kuitwa urithi wa dunia. Uwanja wa mpira wa mji nao ukapewa jina la Ingoma, na bado watu wanashangaa timu zikipigwa humo. Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti juu ya nani apige ngoma, wapi, na kwa kibali gani cha wizara. Kuipiga Vital'O hakuhitaji kibali, na nadhani hapo serikali imepitiwa, maana kodi ingepatikana.

Kuna watakaosema kipigo kinaua vipaji. Wamtazame Ndaye Mulamba wa Zaire. Machi 1974, Misri, alifunga magoli tisa katika Kombe la Afrika moja, rekodi ambayo haijavunjwa. Juni mwaka uleule, kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, Yugoslavia iliifunga Zaire tisa, na Ndaye alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, baada ya mwamuzi kuchanganya sura. Kocha Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, alimtoa kipa Kazadi wakiwa wamefungwa tatu tu, akamwingiza Tubilandu ale sita zilizobaki. Vitabu vimeandikwa juu ya mechi ile. Scotland iliifunga Zaire hiyohiyo mbili, na hakuna anayekumbuka nani alifunga. Kipigo kikubwa ni karani mzuri wa kumbukumbu, tena hakidai posho.

Lakini kandanda, hata ikijitahidi, ina kasoro moja: inamhurumia mnyonge. Aliyefungwa ndiye anayeanza mpira kati. Kwa sekunde mbili tatu mpira ni wake, na matumaini yanarudi kama kichefuchefu. Ni timu moja tu ninayoijua iliyoitumia huruma hiyo ipasavyo: SO l'Emyrne ya Madagaska, Oktoba 2002. Wakiwa na hasira na uamuzi wa refa katika mechi iliyotangulia, kila walipoanza mpira kati waliurudisha nyuma na kujifunga wenyewe, wakaanza tena, wakajifunga tena, hadi 149 bila. Wapinzani wao, AS Adema, walisimama wakitazama. Kocha wa SO l'Emyrne alifungiwa miaka mitatu. Ningekuwa mimi ningempa uprofesa.

Ndiyo maana napendekeza Burundi tuhamie lakrosi, haraka.

Kwa asiyeujua, ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, na shirikisho la Haudenosaunee hadi leo linapeleka timu yake lenyewe kwenye mashindano ya dunia. Kwa wanaume ni watu kumi kila upande, kila mmoja na fimbo yenye kijinyavu mwishoni. Mpira ni wa raba, mgumu, wa kuenea kiganjani, unadakwa, unabebwa na kurushwa kwa fimbo hiyo. Ila uzuri wake uko baada ya goli. Hakuna cha kumpa mpira aliyefungwa. Wawili wanainama katikati ya uwanja, fimbo chini, filimbi inalia, wanaugombea, na mwenye mkono mwepesi anauchukua. Mwenye bingwa wa kuinama anaweza kufunga, akauchukua, akafunga, akauchukua, na mpinzani wake asiuguse hadi mapumziko. Hapo magoli ishirini hayashangazi mtu. Katika shule za sekondari za Marekani, tofauti ikifika 12 kipindi cha pili, saa haisimamishwi tena hovyo hata mpira ukitoka nje. Saa yenyewe inaona aibu kuchelewesha.

Majirani wametutangulia. Uganda ilikwenda Denver mwaka 2014, nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya lakrosi ya wanaume. Wamekula vipigo wakiwa na jezi safi, wamerudi, wamefundisha watoto, na sasa Uganda inatajwa katika mchezo ambao sisi hata fimbo yake hatujaishika. Wasiwasi wangu ni kwamba wanazidi kujua. Nafasi ya kupigwa vizuri Afrika Mashariki itabaki wazi, na Kenya nayo imeshaanza kucheza.

Tena faida iko wazi kwa anayejua historia. Olimpiki ya London, 1908: lakrosi ilikuwa na timu mbili tu, Kanada na Uingereza. Kanada ilishinda 14 kwa 10. Uingereza, iliyocheza mechi moja na kufungwa mechi moja, ilivishwa medali ya fedha. Mchezo huo unarudi Los Angeles 2028, wachezaji sita kila upande, na najua safari hii timu zitazidi mbili. Sisemi tutapata fedha. Nasema tu kwamba njia iliwahi kuwepo.

Najua watakaonipinga kwa kusema vipigo vya kisasa havihitaji hata kucheza. Machi 2024, Pretoria, Dynamo ya Burundi ilikataa kuvaa jezi zenye tangazo la Visit Rwanda katika ligi ya kikapu ya Afrika, ikaandikiwa 20 bila, kisha ikaondolewa kabisa. Na Aprili 2018, mashindano ya CECAFA ya chini ya miaka 17 yalipochezwa hapahapa Gitega, Muyinga na Ngozi, Zanzibar iliondolewa kwa mzozo wa umri, watoto wakarudi kwao wakiwa na nguvu zao zote. Mimi vipigo vya mezani sivikubali. Kipigo cha karatasi kina barua, rufaa na waraka wa ufafanuzi, yaani ni goli moja la Ighalo kwa sura nyingine. Kipigo halali kichezwe, kionekane, jasho litoke.

Basi mipango iwe hivi. Mechi ya kwanza dhidi ya Marekani ichezwe Ingoma, Gitega, mji wenye kiwanda cha Brarudi, ili wanaojifariji kwa chupa wasisafiri. Ya marudiano ichezwe Muyinga, uwanja wa Umuco, kwa ajili yetu tunaojifariji kwa chai. Wachezaji tuwachukue wachunga ng'ombe, fimbo wanazo tayari. Kocha yeyote atafaa mradi asijue sana.

Cha kuangalia ni mtunza ubao. Aprili 2001 kule Coffs Harbour, Australia ilipoifunga Samoa ya Marekani, ubao uliandika 32, na baadaye ikabidi maofisa wakae wahesabu upya, wakapata 31. Kipa Salapu aliishi na aibu ya goli ambalo hakufungwa kwa muda wote huo wa hesabu. Kwetu lisitokee. Muyinga kuna wapima kahawa ambao wamehesabu magunia kwa vijiti tangu ujana wao, gunia moja kijiti kimoja, na hakuna mkulima aliyewahi kuwashinda kwa hesabu. Akae mmoja wao mezani, apewe vijiti mia moja, na pembeni awekewe mia moja vya akiba.