Namna ya Kumgawia Jirani Stima Hapa Kijijini Wema

Kwanza uwe na paneli ya sola juu ya bati na betri ya volti 12 chini ya kitanda. Ukishakuwa navyo, jirani hatakawia. Atapita magharibi, ataulizia mpunga, atasifu miembe yako, kisha atakumbuka kwamba leo kuna mpira na televisheni yake ni ya volti 12 vilevile. Usimnyime. Ujirani ni ujirani, na fizikia itamnyima kwa niaba yako.

Waya nunua Garsen, ule mwembamba kuliko yote dukani. Fundi akikuhimiza uchukue mnene, jua anatafuta chake. Ni kweli kwamba waya ukiwa mwembamba na mrefu ukinzani huzidi, lakini Kanuni ya Ohm ni ya kidato cha tatu na mtihani ulishapita. Tuseme waya wako, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 2, na televisheni inataka ampea 2. Zidisha: volti 4 zimeliwa njiani. Jirani anabakiwa na 8. Televisheni inawaka, inazima, inawaka tena. Mwambie ni netiweki.

Asiporidhika, mpeleke akaone zile nyaya kubwa zinazopita Garsen kutoka Rabai kwenda Lamu. Zina volti 220,000, wala si kwa kujionyesha. Kwa nguvu ileile, volteji ikipanda mkondo hushuka, na mkondo ukishuka mara kumi, joto linalopotea kwenye waya hupungua mara mia. Wewe na volti zako 12 umechagua njia yenye hasara kuliko zote, na umeichagua kwa moyo mweupe.

Hapo huenda akauliza: kwani si maji haya haya ya mto Tana yanayozungusha mitambo ya stima kule juu? Ni haya haya. Kindaruma ilianza 1968, zikafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Gitaru peke yake ina megawati 225. Maji yakimaliza kazi, stima inashika njia ya Nairobi, maji yanashuka kwetu. Na mvua ikizidi, kama 1997 na 2023, yanashuka hadi vitandani. Swali hilo mwongozo huu hauna dawa yake. Badilisha mazungumzo.

Majirani wakiwa wawili, unganisha balbu zao kwa mfuatano. Kila moja itapata volti 6, na ikiungua moja, wote gizani. Hakuna atakayesema umempendelea mwenzake. Ukiziunganisha sambamba kila balbu itapata volti 12 kamili, lakini watakuzoea.

Sasa fyuzi. Ikikatika usinunue nyingine. Zungushia karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Fyuzi ni waya uliowekwa makusudi uyeyuke kabla nyaya nyingine hazijapata moto. Ukishaiziba, nyaya zenyewe zitaichukua kazi hiyo. Volti 12 hazikurushi, ila betri ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, na godoro liko juu yake.

Wenye mita ya stima wana raha zao: volti 240, na soketi yenye matundu matatu. Chaja ya miguu miwili ikikataa kuingia, chomeka kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu, kile kizuizi cha matundu ya chini kifunguke. Kiliwekwa kuwazuia watoto wasichomeke vitu, lakini simu ina asilimia 2.

Kuna hatua moja zaidi. Ngozi kavu ina ukinzani wa maelfu ya omu. Ikilowa mwili waweza kubaki na omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa hiyo: ampea 0.24, na 0.1 tu yatosha kuusimamisha moyo. Kwa hiyo maji yakianza kuingia uani, zima swichi kuu ukiwa bado mkavu. Hatua hii ndiyo pekee ya kufuatwa kama ilivyoandikwa.