Kwa Heshima ya Partisheni Isiyofutika

Mtu hununua kompyuta mpakato mpya yenye diski ya GB 256, akiiwasha anakuta imeandikwa 238, na hapohapo anaanza kumshuku muuzaji. Muuzaji hana kosa. Kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti ya hesabu hizo ndiyo inayomeza zile GB 18. Kinachoninyima usingizi zaidi ni kwamba hata hizo 238 si zote za mnunuzi. Pembeni amejibanza mgeni ambaye hakuombwa wala hakutajwa kwenye boksi: partisheni ya urejeshaji, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa kuirudisha mashine katika hali yake ya awali, ambayo ikiwa ni ya kiwandani hasa huweza kushika GB 10 hadi 20. Haina herufi kama C au D, haifunguki kwa kubofya, haimpigii mtu kelele. Kijana aliyejifunza kupiga Windows wiki iliyopita huiona kuwa uchafu na kutaka kuifuta kabla hata ya kuweka picha zake. Namwomba asubiri kidogo, kwa sababu hakuna mtunza amana mwenye msimamo kuliko huyu.

Watu wa Tabora wanajua amana ni kitu gani. Kwihara, kilomita chache nje ya mji, lipo tembe ambalo leo ni makumbusho, na Februari 1872 wasafiri Stanley na Livingstone walifika hapo kutoka Ujiji, wakafungua masanduku ya Livingstone yaliyokuwa yakimsubiri huko Unyanyembe. Kwa masimulizi ya Stanley, vitako vya bunduki vilikuwa vimeliwa na mchwa, na chupa za brandi zilikuwa zimezibwa kwa magunzi ya mahindi. Akaandika kwa kejeli kwamba ni mchwa haohao waliokunywa na kuziba. Hiyo ndiyo amana ya binadamu. Partisheni yetu haina mchwa wa namna hiyo. Iachie miaka mitano, siku ukiiamuru itakurudishia mashine kama ilivyotoka kiwandani, bila kupunguza hata gunzi: michezo usiyoitaka, kizuia virusi cha majaribio kinachokuomba pesa mwezi ukiisha, na Windows iliyopitwa na masasisho ya miaka yote hiyo. Uaminifu wa kiwango hicho unatisha, nakubali, lakini ni uaminifu.

Watasema inakula nafasi. Basi jaribu kuichukua hiyo nafasi. Programu ya Windows ya kusimamia diski haikupi hata chaguo la kuifuta. Inabidi uende kwenye diskpart, kwenye dirisha jeusi, uongeze neno la kulazimisha. Ukishafanikiwa, wakati mwingine unagundua kwamba pengo limebaki kushoto kwa C, na C hupanuka kwa nafasi iliyo kulia kwake tu. Umeshinda vita ukapata kiwanja kisichojengeka. Enzi za MBR, ule mpangilio wa zamani wa kugawa diski, mambo yalikuwa matamu zaidi: diski iliruhusu partisheni kuu nne tu, na baadhi ya viwanda vilizijaza zote nne, hivyo aliyetaka kuweka Ubuntu pembeni ya Windows alilazimika kusoma namna diski inavyogawanywa. Wangapi wamekuwa mafundi kwa sababu ya adha hiyo? Vyuo vinavyotoza ada havijivunii ufundishaji wa lazima kiasi hicho.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba Windows inapakuliwa bure mtandaoni, kwa hiyo nakala ya ndani ni ya nini? Faili hilo linazidi GB 5. Anayenunua bando kwa siku ataelewa mara moja. Asiyeelewa ana waya wa ofisi. Fundi wa mtaani ana flashi, ni kweli, ila ndani ya flashi hiyo huenda wamo wageni wasiojulikana hata na fundi mwenyewe. Wa kiwandani angalau wameingia na leseni.

Na mwenye kudhani kwamba dunia inaelekea kuiondoa aitazame Januari 2024. Sasisho KB5034441 la Windows 10 liligoma kwenye kompyuta nyingi, likitoa kosa 0x80070643, na sababu ilikuwa kwamba partisheni ya urejeshaji ni ndogo mno. Maelekezo ya Microsoft yalimtaka mwenye mashine apunguze nafasi yake mwenyewe kwa MB 250, aifute partisheni ile, kisha aiunde upya. Kwa hiyo kufuta, kazi ambayo vijana wamekuwa wakiifanya kwa kujificha, sasa kulipata baraka za wakubwa, kwa sharti moja tu: irudi ikiwa imenenepa.