Maneno Matano Kwenye Kimkoba Chako

Shoga, kabla hujafunga kimkoba ukaikimbilia feri ya Likoni, kimimine hapa. Vitu vyako sivitaki, nataka majina yake. Mengine yamezunguka dunia kama meli za Kilindini. Tuhesabu kutoka tano tushuke.

5. Lipstiki
Kiingereza kitupu: mdomo na kijiti. Nyanya husema "rangi ya mdomo", na kwangu mimi nyanya ameshinda. Twende.

4. Maskara
Waitaliano husema maschera, yaani kinyago cha kuvaa usoni. Wapo wanaisimu wanaolifuata neno hilo hadi kwenye Kiarabu, maskhara, ambalo ndilo masihara letu. Basi ukilia harusini Kisauni hadi weusi ukakutiririka mashavuni, shangazi akakwambia "wacha masihara", mshukuru: amekutajia ugonjwa na dawa kwa pamoja.

3. Wanja
Hapa tuketi vizuri. Sisi twasema wanja wa manga, na Manga ni Uarabuni. Waarabu wenyewe huuita kuhl. Wazungu wakalibeba neno zima, al-kuhl, kwanza kwa maana ya unga laini kupita kiasi, kisha kwa kiini cha kitu kilichochujwa kwa moto, mwisho likatua kwenye chupa: alkoholi! Cha kutia machoni wenzetu wakakifikisha kooni. Mimi nabaki na wa nyanya. Aliyeupaka halewi, wanaolewa ni wanaomtazama.

2. Poda
Mzee wake ni pulvis wa Kilatini, maana yake vumbi. Ufaransa akaitwa poudre, Uingereza powder, kwetu poda. Kwa hiyo ukitoka Mtongwe kwa bodaboda wakati wa jua kali, umeshapakwa, tena bila kulipa.

1. Makiyaji
Hili ndilo nililokuitia. Wakongomani wa Goma na Bukavu, waliosomeshwa kwa Kifaransa, kujiremba hukuita maquillage. Sikia asili yake. Katika karne ya 15, maquiller lilikuwa neno la siri la wezi wa Ufaransa, maana yake kufanya kazi. Baadaye likawa la wacheza karata wanaotia alama za udanganyifu, na katika karne ya 19 likapanda jukwaani na waigizaji waliojipaka nyuso. Lakini mzizi wake hauna hatia: ni maken ya Kiholanzi cha kale, kufanya, kutengeneza. Na make ya Waingereza, iliyotuletea mekapu, imetoka kwenye ukoo huohuo.

Umeona? Mekapu na makiyaji ni watoto wa mama wakubwa na wadogo! Mmoja kapitia London, mwingine Paris, wote wanasema "kutengeneza". Nasi, bila kumuuliza Mholanzi yeyote, tukimwona bibi harusi twasema: leo amejitengeneza! Nilipoligundua hilo nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Malori ya mizigo ya Kongo hupita Changamwe kila siku. Basi akishuka dada wa Goma akakuuliza makiyaji yauzwa wapi, usimkodolee macho. Ni mgeni wa nyumbani. Mshike mkono umpeleke dukani, na njiani mfundishe kusema wanja.