Sebule ya Mgeni

Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, hupata mvua mara mbili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Mipango ya upanzi ina itifaki yake. Kwanza huhudumiwa walipa karo: miraa kule Igembe, muguka kule Mbeere, majani chai, kahawa na makadamia. Kisha mahindi na maharagwe. Waridi hupewa mkebe wa rangi uliotoboka, kando ya mlango. Ndani, makochi huvishwa vitambaa vya kufuma na kuta hupambwa kwa kalenda, zikiwemo za miaka iliyokwisha. Vikombe vya kauri hukaa kabatini vikimsubiri mgeni; wenye nyumba hunywea vya plastiki. Nyumba ni yao, urembo ni wa mgeni.