Mlokole, Nishikie Kuku

Anayesoma kipaimara katika makanisa yetu ya Kilutheri mkoani Singida hufundishwa kwamba ana maadui watatu: ibilisi, ulimwengu na mwili wake mwenyewe. Mafundisho hayo yanatoka katika Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, na wamisionari wa Augustana kutoka Marekani, walioanza kazi Iramba mwaka 1926, walihakikisha wazee wetu wameyakariri. Sisi wajukuu tumebaki na adui mmoja tu, ibilisi. Tumemchorea pembe na mkia, tukamsubiri usiku njia panda. Huyo wa njia panda sijawahi kumwona. Ninayekutana naye mimi huja mchana kweupe, ana salamu nzuri, na mara nyingi ananukia mafuta ya alizeti.

Mwokozi alipofunga jangwani siku 40, jaribu la kwanza lilikuwa ageuze mawe kuwa mkate. Anayeijua Singida mjini, na majabali yake yaliyopandana kuelekea ziwa Singidani, atakubali kwamba kwa mawe hatuna upungufu. Ila nina hakika hapa kwetu mjaribu asingehangaika na mkate. Angesema kuku.

Kuku wa kienyeji wa Singida ana jina nchi nzima. Ukitoka huku kwenda Dodoma au Dar es Salaam mikono mitupu, wenyeji wako watakupokea vizuri, watakuuliza habari za nyumbani, kisha watachungulia nyuma yako kuona kama mzigo unakuja. Ndiyo maana basi linaloondoka stendi asubuhi huwa na kuku wa aina mbili: walio hai kwenye matenga na maboksi, na waliokaangwa, waliofungwa kwenye magazeti mapajani mwa abiria.

Basi nililopanda mimi liliondoka Ijumaa ya Kwaresima, nami nilikuwa nimefunga hadi jioni. Nilimpa konda noti moja ya elfu kumi kulipia mzigo, akanirudishia chenji kama vile nimempa mbili. Papo hapo hesabu ikaanza kichwani. Nauli zimepanda. Huyu konda naye huwazidishia wengine. Isitoshe, nusu ya hela hii naweza kuitoa sadaka Jumapili. Ukisikia moyo wako unapanga sadaka kwa fedha ya mtu mwingine, ujue mwenye kuzungumza si wewe.

Nikanyoosha mkono nikairudisha. Hapo nilidhani nimemaliza.

"Jamani abiria!" konda akapaza sauti. "Huyu mzee amerudisha chenji! Leo tuna mlokole humu ndani!"

Mimi si mlokole. Ni Mlutheri wa kawaida, wa kusimama na kukaa kadiri kitabu kinavyoelekeza. Lakini watu walikwisha kupiga makofi, na kuanzia hapo jina langu likawa hilo. Tulipopita Ikungi, kijana wa kiti cha nyuma akanikabidhi simu yake nimtunzie wakati amelala. Dereva aliposimama porini watu wakachimbe dawa, wakateremka wote kwa amani kubwa.

"Mlokole, nishikie mtoto, nakuja sasa hivi."

"Mlokole, baba yangu, niangalizie huyu kuku asitoroke."

"Na hiki kifurushi changu, mzee. Wengine humu siwaamini."

Nikabaki peke yangu: mtoto anayeota meno kwenye paja la kushoto, kuku wa kukaanga kwenye paja la kulia, na kuku mzima katikati ya miguu, ametoa kichwa kwenye boksi akimtazama mwenzake. Gazeti lilikuwa limelowa mafuta. Harufu ilipanda taratibu, ikauliza kama nina habari. Nikatazama dirishani. Nikahesabu mibuyu. Nikasali ile sala ya Bwana, na nilipofika kwenye kipande cha majaribu nilikirudia, nikaongeza na maelezo ya eneo tulipo.

Nikashinda. Sikugusa hata ngozi. Abiria wakarudi, mwenye kifurushi akakifungua, akahesabu, akahesabu tena.

"Mlokole," akasema kwa upole wa kutisha, "paja moja liko wapi?"

Basi zima likanyamaza. Nikajitazama: shati langu jeupe lilikuwa na alama ya mafuta kuanzia kifuani hadi mfukoni. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema siku hizi hakuna wa kumwamini. Yule kijana wa simu akaamka, akaiomba simu yake. Sijui tungefika wapi kama mama wa mtoto asingefunua kanga na kulikuta paja lenyewe kwenye ngumi ya mwanawe, limekwisha kunyonywa hadi mfupa unang'aa.

Kicheko kilichofuata kilitufikisha Manyoni. Lakini jaribu kubwa la safari ile lilikuwa bado. Lilikuja baada ya kicheko, wakati wote wananiomba radhi. Kifua kilianza kujaa. Nilitamani kusimama niwaambie kwamba mimi ni mzee wa kanisa, kwamba nimefunga, kwamba chenji niliirudisha kwa hiari. Tumbo lilikuwa limekwisha kushindwa. Aliyesimama sasa ulingoni alikuwa jamaa mwingine, tena mwenye nguvu zaidi.

Mtawa Evagrius, aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, aliorodhesha mawazo mabaya manane yanayomsumbua mwenye kumtafuta Mungu. La kwanza ni ulafi; mbele yake kuna uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira na uvivu wa roho; mwisho kabisa yanakaa majisifu na kiburi. Aliona kwamba majisifu huja baada ya mengine kufukuzwa. Ukimshinda shetani wa kuku, anakuja mwingine kukupa hongera, na huyo wa hongera ndiye humpati kwa kuhesabu mibuyu.

Huyo wa hongera ana kiti cha kudumu katika usharika wetu. Mtazame Jumapili baada ya baraka, tunapotoka nje kwenye mnada. Asiye na fedha taslimu huleta mayai, debe la mtama, boga au jogoo, na mzee wa kanisa hunadi. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa mjane mwenye kuku mmoja huchangia sawa na mfanyabiashara. Lakini wakisimama mashemeji wawili wasioelewana, yai moja hufika bei ya trei nzima. Jogoo hununuliwa, aliyemnunua husema "nadini tena" huku akiangalia kama wanakwaya wamesikia, na jogoo hurudi mnadani. Nimeshuhudia jogoo mmoja akiuzwa mara tatu mchana mmoja. Kwa mapato, amelitumikia kanisa kuliko baadhi yetu. Fedha inafika kwa Mungu bila shaka. Utukufu ndio hupotelea njiani.

Mtazame pia kwenye jumuiya, saa ya maombi. Sisi hatusengenyi, tumeokoka na hilo. Tunaleta mahitaji. "Wapendwa, tumwombee dada yetu mmoja, jina sitalitaja, yule wa nyumba yenye bati jipya jirani na mashine ya kukamua alizeti." Kufikia hapo hakuna aliyefumba macho.

Kijana mmoja wa kwaya naye alituomba tumwombee jambo lake la Jumamosi jioni. Hakulifafanua, nasi tukaheshimu. Bibi mmoja mcha Mungu akalifungia siku nzima. Jumapili kijana akaja amenuna. Tulipomuuliza, akasema mkeka umechanika, tena kwa goli la dakika za mwisho huko Uingereza. Bibi hakujua mambo ya kubeti. Alimhurumia sana, akaahidi kumsukia mwingine.

Basi mtu afanye nini? Nikitazama waliofaulu, naona hawakuwa majasiri. Yusufu hakukaa na mke wa Potifa kujadiliana. Alikimbia, akaacha na nguo. Ukianza kubishana na jaribu umechelewa, kwa sababu lenyewe limejiandaa na wewe hujajiandaa. Kanisa lenyewe linalijua hilo. Sadaka zetu hazihesabiwi na mtu mmoja mwaminifu. Zinahesabiwa na kadhaa, mezani, na daftari linasainiwa. Si kwamba wazee ni wezi. Ni kwamba wamesoma Katekisimu, na wanakumbuka adui wa tatu ni nani.

Mkulima wa vitunguu anayejijua hupanga gunia lake mbele ya wanawe, ili vidogo visije vikateleza vyenyewe hadi chini. Mwenye asali hupimia mbele ya mteja. Nami sasa, nikifunga, sipandi basi la kutoka Singida asubuhi. Nasubiri la mchana, kuku wakiwa wamepungua. Haya si mambo ya mashujaa. Hata hivyo yanafanya kazi, kwa sababu hayamwachii mtu nafasi ya kujiona shujaa.

Kwa huyu wa hongera, hata hivyo, dawa niliyoiona ni moja tu: watu wanaokujua. Juma lililofuata nilitoa ushuhuda wa basi kwenye jumuiya. Niliusimulia vizuri. Chenji iliongezeka kidogo, kuku waliongezeka kidogo, njaa iliongezeka sana, na nilipofika pale ninapotazama dirishani sauti yangu ilikuwa imeshuka kama ya askofu. Nikakaa. Wakasema amina ya wastani.

Kisha bibi yule wa mkeka akaombwa afunge kwa sala. Akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa uwele shambani na kwa afya. Halafu akasema, "Na zaidi, Baba, tunakushukuru kwa ajili ya yule mtoto aliyekula paja. Maana kama si yeye kubaki na mfupa, mzee wetu huyu leo angekuwa mwizi wa kuku."

Amina iliyofuata ilisikika hadi barabarani. Ya mke wangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.