Namna Bora ya Kupoteza Hati za Wateja Kamembe

Umefungua kibanda cha kuchapisha karatasi hapa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo. Kompyuta ya mtumba umeiwekea Linux, maana haidai pesa za leseni. Foleni imeshajipanga: huyu anataka cheti cha kuzaliwa kutoka Irembo, tovuti ya huduma za serikali, yule cheti cha kutokuwa na kosa la jinai, na mama wa biashara anataka fomu yake upesi avuke daraja kwenda Bukavu. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayeondoka na kitu.

Usihifadhi kamwe, wewe bonyeza "fungua" tu. Zamani Firefox ilikusaidia sana katika hili. Faili uliyotaka kuifungua tu iliwekwa ndani ya /tmp, folda ya vitu vya muda, tena ya kusomwa bila kuandikwa, na ulipofunga kivinjari ikafutwa kimyakimya. Mteja alijaza sekta, seli na kijiji, kisha vyote vikaenda na upepo. Toleo la 98, Machi 2022, likatuharibia uhondo: sasa faili inatua moja kwa moja kwenye Downloads.

Usikate tamaa. Ingia kwenye mipangilio, uelekeze Downloads yenyewe iwe /tmp. Utasifiwa kwa usafi! Linux ya Fedora iliihamishia /tmp kwenye RAM tangu 2013, na Debian 13 ikafuata Agosti 2025. Maana yake umeme ukikatika, hati zimekwenda nao. Hata usipokatika, systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hupita na ufagio wake: kwa kawaida, kisichoguswa kwa siku 10 hufutwa. Mteja wa kurudi baada ya wiki mbili mpe pole mapema. Na kwa kuwa /tmp ya namna hiyo huruhusiwa kula hadi nusu ya RAM, pakua filamu humo kwenye mashine ya GB 4, uone itakavyoanza kutambaa mbele ya foleni nzima.

Wa Linux ya Ubuntu mna bahati ya pekee. Tangu 21.10, Firefox huja kama snap, yaani kifurushi kilichotengwa na mfumo, nayo ina /tmp yake ya faragha ambayo bila mamlaka ya root huioni ndani. Faili ipo, mashine ni yako, na bado utaitafuta hadi jioni.

Intaneti ikikatika katikati, Firefox itakuachia faili yenye mkia wa .part, Chrome .crdownload. Ukate mkia, uandike .pdf, umkabidhi mteja kwenye flashi kwa tabasamu. Atagundua haifunguki akiwa ng'ambo.

Mteja akiuliza kuhusu siri zake, fungua dirisha la faragha, umwapie kwamba hakuna kitakachobaki. Historia itafutika kweli. Nakala ya kitambulisho chake huenda ikabaki Downloads ikimsubiri mteja anayefuata, na hili, tuache mzaha, ndilo baya kuliko yote niliyotaja.

Wasioupenda mwongozo huu wana ukaidi wao: huchagua kivinjari kiulize kila mara pa kuhifadhi, huipa kila faili jina la mwenyewe na tarehe, huifungua kabla ya kupokea pesa, na huifuta mteja akishapata nakala yake. Ukimpata mtu wa namna hiyo hapa Kamembe, mpelekee karatasi zako.