Maiki Iliyompenda Jirani

Nilipomwambia bibi kwamba nataka kumrekodi hadithi zake, aliuliza swali moja tu: "Utanilipa kwa ngano au kwa saa?"

Tulikuwa kibarazani hapa Mbau, kaskazini mwa Msumbiji, yeye akipepeta mchele. Nikasema nitamlipa kwa sukari. Akakubali, akataja na kilo.

Watu wa Mbau vita vya waasi vilitutawanya. Wengine tuliishia Pemba ya Msumbiji, wengine Nampula, wengine wakavuka Ruvuma hadi Mtwara kwa ndugu. Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Mbau, na baadaye tukaanza kurudi mmojammoja. Wajukuu wengi wamebaki huko huko. Wa Nampula wanaongea Kireno na Kimakua, na Kimwani chao sasa ni mchuzi uliozidishwa maji. Nilitaka wamsikie sungura akimlaghai fisi kwa sauti ya bibi yao, basi.

Kwa kazi hiyo simu yangu ilitosha. Hilo nalijua leo. Wakati ule nilikuwa nimeona picha za watangazaji wamekaa mbele ya maiki nene inayoning'inia, nikaona hadithi za bibi hazistahili chini ya hapo.

Dukani Pemba kijana akanikaribisha: "Kaka, hii ndiyo ya studio." Ndani ya boksi mlikuwa na maiki, mkono wa chuma wa kukunja, kitambaa cha kuzuia pumzi, waya, na sifongo jeusi mviringo kama embe. Vyote hivyo kwa bei isiyofikia mfuko wa mchele wa kilo 25! Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi niliomba nipunguziwe.

Nyumbani nikaichomeka kwenye simu ya kuazima. Kimya. Nikaigonga kwa kidole. Kimya. Bibi akaniuliza kama nilimnunulia maiki au mchi.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Ndani ya maiki za aina ile kuna utando mwembamba uliowekwa karibu na kisahani cha chuma, na haziamki bila umeme. Studio huzipelekea volti 48 kupitia waya uleule unaoleta sauti. Simu haina volti hizo. Mdogo wangu, fundi wa sola, akapiga hesabu papo hapo: betri ya pikipiki ni volti 12, betri nne zikiungwa ni 48. Hesabu ilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye hatari. Alikwisha kuazima betri tatu bibi alipotoka jikoni na mwiko akauliza nani atajenga nyumba nyingine.

Mwishowe nikaagiza kisanduku kidogo cha kuunganisha maiki na kompyuta, chenye kutoa volti 48 kwa utaratibu bila kuchoma nyumba ya mtu. Bei yake ilikuwa sawa na maiki mbili kama ile. Kompyuta nikaazima kwa binamu yangu mwalimu.

Jioni ya kwanza bibi alisimulia saa mbili mfululizo. Alivaa kanga mpya. Aliikaribia maiki kwa heshima, akawa anaongea na kichwa chake kama watu wanavyofanya na maiki za jukwaani. Usiku nikasikiliza. Sauti ya bibi ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Lakini jirani yetu, ng'ambo ya ua, alisikika hadi anavyomeza mate: "Nakuapia, hela ya baiskeli nitakulipa baada ya korosho!"

Kumbe maiki zile haziongeleshwi kichwani, zinaongeleshwa ubavuni. Na ubavu wenyewe ni mmoja: mbele inasikia vizuri, nyuma imeziba masikio. Mimi niliielekeza mbele yake dirishani, kwa kuwa upande huo ulikuwa na nembo nzuri nikataka wapita njia waione.

Habari hazikai hapa kwetu. Korosho zikavunwa, zikauzwa, jirani akasema hakuahidi kitu. Mdai wake akaja kwangu na mzee mmoja wa mtaa, wakaomba wasikilizishwe "ile kesi". Nikaifungua. Jirani alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa utulivu: "Huyo si mimi. Sauti yangu ni nzito."

Wote tuliangua kicheko, ila mimi nilijua hasemi uongo mtupu. Mtu hujisikia kwa masikio na pia kupitia mifupa ya kichwa, nayo mifupa huongeza uzito. Ukirekodiwa, mifupa haimo, na kila mtu hujiona kaibiwa nusu ya sauti. Mzee alimpa jirani wiki moja alipe. Baiskeli ililipwa. Kufikia leo hiyo ndiyo kazi pekee ya maana iliyofanywa na maiki ile.

Sifongo lilienda na mbuzi. Sina la kuongeza.

Nikajaribu maiki za kubana kwenye kola. Hizi ni jamaa wa ile kubwa, ila mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler, kule Bell Labs, Marekani, walipata njia ya kufungia chaji ya kudumu ndani ya utando wa plastiki, ndiyo maana kitu cha ukubwa wa punje ya hindi hakidai volti 48. Niliyonunua ilikuwa na waya mrefu wa kufika hadi chooni, na pini ya duara. Simu yangu haina tundu la duara. Nikanunua kiunganishi, kikapitisha muziki, kikakataa maiki. Nikanunua cha pili, kikakubali, na kanga ya bibi ikisuguana na maiki ilisikika kama maandazi yanakaangwa.

Ningeanza upya ningetafuta ile ya kushika mkononi, ya ukoo wa Shure SM58 inayotengenezwa tangu 1966. Kuna nakala zake za bei ndogo, hazidai volti zozote kutoka kwenye kisanduku, na ni viziwi kidogo, sifa nzuri sana kwa nyumba yenye kuku.

Hadithi tumezirekodi hatimaye kwa simu ileile na kimaiki cha spika za masikioni zilizokuja nayo bure, nimekishonea kwenye ukosi kwa uzi, shibiri moja kutoka mdomoni. Hiyo shibiri ndiyo siri yote. Ukiisogeza maiki kutoka shibiri mbili hadi moja, sauti ya msemaji inakaribia kuwa maradufu, na jogoo anabaki alipo. Bibi alikaa stoo, katikati ya magodoro na magunia, ambayo humeza mwangwi kuliko kitambaa chochote cha dukani. Ngano kumi na moja zimekwenda Nampula na Mtwara. Bibi anadai kilo mbili za nyongeza kwa ajili ya joto la stoo.

Maiki kubwa ipo, nzima, naiuza pamoja na mkono wake wa chuma. Jirani amekataa kuinunua. Sifongo usiliulizie.